Kidonda kisichouma sikioni usikipe muda

Wazazi na ndugu wa watu wenye ualbino, leo nataka tuzungumzie kidonda kidogo kisichouma. Mimi kinanitisha kuliko jipu lenye usaha.

Jipu huwaka moto kwa sababu kinga ya mwili imeamka na inapambana na bakteria. Saratani ya ngozi mara nyingi haileti vurugu hiyo. Katika tabaka la juu la ngozi kuna seli za kinga ziitwazo Langerhans, zenye matawi membamba yanayopenya katikati ya seli nyingine. Kazi yao ni kuokota vipande vya vitu vigeni, kuvipeleka kwenye tezi za limfu na kuvionyesha kwa seli T, ambazo ndizo huua. Uvimbe wa saratani humwaga kemikali, zikiwemo TGF-beta na IL-10, zinazozuia seli hizi na ndugu zao wa tabaka la chini kukomaa. Zinafika kwenye tezi zikiwa na kipande, lakini hazina ishara ya pili ya kuamsha seli T. Ni kama mgambo aliyetumwa kuita polisi, akafika kituoni na kusema huko mtaani kumetulia. Seli T zinazopokea taarifa hiyo huzubaa, na nyingine hugeuka kuwa za kuwazuia wenzao wasishambulie.

Jua nalo linachangia mapema sana, kabla hata uvimbe haujaonekana. Miaka ya 1970 huko Marekani, mwanasayansi Margaret Kripke alichukua uvimbe uliotokana na mionzi ya UV, ile iliyomo kwenye jua, kwenye panya akaupandikiza kwa panya wengine wa ukoo uleule. Panya wazima waliukataa. Wale waliokuwa wamepigwa mionzi kwa muda, ambao hawakuwa na saratani yoyote, uliota kwao. Maana yake mionzi haiharibu seli za ngozi tu, inapunguza pia uwezo wa mwili kuzitambua zilizoharibika. Ndiyo maana nasisitiza mtoto mwenye ualbino akingwe tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, si mpaka aanze shule.

Mdogo wangu anauza samaki mwaloni Kirumba, Mwanza, na maji ya ziwa yanarudisha jua usoni. Alikuwa akivaa kapelo kila siku. Kapelo inafunika paji la uso, masikio inayaacha wazi. Ukingoni mwa sikio la kushoto kikatokea kigaga kama punje ya mchele. Kilikuwa kikibanduka kwenye foronya usiku, kinaacha tone la damu, kisha kinarudi. Hakikuwasha wala kuuma. Duka moja la dawa likampa krimu ya mchanganyiko yenye betamethasone, ambayo ni steroidi, na kweli wekundu ukapungua, tukafurahi. Lakini nilipopapasa kingo kwa kidole zilikuwa zimeinuka na kuwa ngumu. Steroidi hutuliza kinga ya ngozi na hupunguza hizohizo seli za Langerhans. Kwa ukurutu ni dawa nzuri. Kwa kidonda ambacho hakijajulikana ni nini, inaficha sura yake wakati chenyewe kinaendelea.

Kwa hiyo kidonda au kigaga kisichopona ndani ya wiki nne, hasa masikioni, midomoni, shingoni, usoni au mgongoni mwa mkono, kipelekeni hospitali kikachukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara. Msikubali kubadilishiwa krimu ya pili na ya tatu. Kipigeni picha kila wiki kwa simu, sarafu ikiwa pembeni ili ukubwa uonekane, maana daktari akiona picha nne mfululizo hana haja ya kubishana. Kama mgonjwa ana VVU au anatumia dawa za kushusha kinga, semeni mapema, kwa sababu kwake saratani hizi hukimbia zaidi.

Kofia iwe pama yenye ukingo mpana pande zote, na shati la mikono mirefu lililofumwa kwa kubana. Mafuta ya kuzuia jua, kama yale ya Kilisun yaliyoanza kutengenezwa hospitali ya KCMC Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, yapakwe masikioni na nyuma ya shingo pia, na yarudiwe mchana. Hayachukui nafasi ya nguo.

Majibu ya kinyama yakija kuwa ni saratani, msikate tamaa. Ikiwahiwa, kuikata kunatosha kwa wengi. Zipo dawa zinazoiondolea saratani uwezo wa kuzuia seli T, mojawapo cemiplimab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa saratani ya ngozi ya seli bapa (squamous) iliyokwisha kusambaa, lakini bei yake iko mbali na mifuko yetu. Kisu cha mapema ndicho tunachokimudu.

Baada ya upasuaji ulizeni jambo moja kabla ya kuondoka: kingo za kinyama kilichotolewa zilikutwa safi, yaani hazina saratani? Jibu liandikwe kwenye daftari la mgonjwa. Mdogo wangu zilikuwa safi. Anarudi kliniki kila baada ya miezi mitatu, na mimi humpapasa mwenyewe nyuma ya sikio na chini ya taya kuangalia mitoki.