Fungu la buku lina nyanya ngapi?

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nina daftari la matumizi mwezi wa tatu sasa, naandika kila ninachonunua: nyanya 1,000, mchele 9,500, sukari 800. Bei karibu zote ni zile zile, lakini hela inaisha tarehe 20. Nakosea wapi? – Mama wa watoto watatu, Mbagala.

JIBU: Dada, daftari lako linaandika hela tu, haliandiki kipimo. Fungu la nyanya la buku halipandi bei, linapungua nyanya. Masika yakikolea, ukungu ukashambulia mashamba na magari yakakwama, muuzaji hagusi ile buku, anatoa nyanya mbili kwenye fungu. Kwako limeandikwa 1,000 wiki zote.

Nunua mzani mdogo wa kuning'iniza. Ukifika nyumbani pima, kisha andika tarehe, mahali, bei, gramu, na bei ya kilo. Hesabu yake: gawanya bei kwa gramu, zidisha kwa 1,000. Fungu la 1,000 likiwa na gramu 650, kilo umeinunua 1,538. Wiki ijayo likiwa na gramu 480, ni 2,083.

Sado ndiyo inayosumbua zaidi. Ni kopo la rangi la lita 4, na mchele uliosawazishwa juu hutoa kilo 3 na kitu. Likibonyezwa kitako kwa ndani, au likijazwa bila kilele wakati muuzaji wa meza ya jirani anaweka kilele, bei moja inakuwa vitu viwili. Geuza kopo utazame chini kabla muuzaji hajaanza kukupimia. Akinuna, nenda meza ya pili.

Mafuta nayo yana mtego wake. Lita 1 ya mafuta ya kula ina uzito wa kama kilo 0.92, kwa hiyo dumu la lita 5 lina kilo 4.6. Tuseme dumu ni 33,000 na kwingine unapimiwa kilo 5 kwa 35,000. La kwanza linaonekana rahisi, kumbe kilo yake ni 7,174, na la pili ni 7,000.

Sukari ya robo kilo kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, usiidharau: robo nne za 800 ni 3,200. Kama kilo nzima pale pale ni 2,800, basi umelipa 400 kwa kukosa hela ya mkupuo.

Usifuatilie kila kitu, utachoka wiki ya pili. Vitu 10 vinavyokula hela nyingi vinatosha. Mchele wa supa na wa chenga viwe mistari tofauti, vivyo hivyo sembe na dona, la sivyo utadhani bei imeshuka kumbe umebadilisha daraja. Baada ya wiki 6 hivi, zungushia duara bei ya chini kabisa ya kila kitu, ndiyo utakayolinganishia bei nyingine.

SWALI: Sokoni Ilala vitu ni rahisi kuliko mtaani. Niende huko kila wiki? – Msomaji, Ukonga.

JIBU: Inategemea mzigo. Nauli ya kwenda na kurudi ikiwa 1,200 na unaokoa 250 kwa kilo, kilo 5 za kwanza zinarudisha nauli tu. Ukirudi na kilo 3 umepata hasara. Nendeni majirani watatu kwa zamu, mmoja abebe oda za wote.

Kwa maharage na mahindi ya kuweka, bei nzuri haitoshi, yawe makavu. Tia punje kwenye chupa ya kioo iliyo kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, acha dakika 10 au 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, yaanike kwanza, maana yataota ukungu. Maharage yenye vitundu yaache hapo hapo sokoni hata yakiwa nusu bei. Fukusi wameshaingia, na watahamia kwenye yale mazima uliyonayo ndani.