Baridi ya Mbeya na UV 9 kwenye simu: jua linaunguza saa ngapi?

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Mbeya, kazi yangu bodaboda. Mwezi huu wa saba baridi ni kali, tunashinda na makoti, lakini mchana apu ya hali ya hewa kwenye simu inaniandikia UV 9. Hiyo 9 ni ya nini wakati jua lenyewe halina joto? Mwanangu ana miaka 6, ana ualbino, na wenzake wakati wa mapumziko wanajipanga ukutani kuota jua. Nimnunulie losheni ya SPF ngapi? Na mimi mweusi nipake?

JIBU: Marahaba baba. Nianze na hiyo baridi maana ndo inawadanganya wengi. Joto unalolisikia na mionzi inayounguza ngozi ni vitu viwili tofauti, hiyo mionzi ndo UV, haionekani wala huisikii ikikupiga, kwa hiyo mtoto anakaa pale ukutani anaona raha kabisa kumbe ngozi inaungua, utakuja kuona wekundu jioni. Alafu Mbeya mko juu, mita 1,700 hivi, na kila ukipanda mita 1,000 UV inaongezeka kama asilimia 10 kwa sababu hewa ya kuichuja imepungua. Mawingu mepesi nayo msiyategemee, yanapitisha sehemu kubwa tu.

9 sio digrii. Ni kipimo cha nguvu ya ile UV inayounguza, 0 mpaka 2 haina shida kwa watu wengi, kuanzia 3 ndo unaanza kujikinga, 8 mpaka 10 kali sana, 11 kwenda juu imepitiliza. London kiangazi kwa kawaida haifiki hata 8, nyie mnaipata kwenye kipupwe, na jua likirudi utosini kuanzia mwezi wa kumi utaona 12 na zaidi siku ikiwa wazi.

Simu ikiisha chaji angalia kivuli chako, kikiwa kifupi kuliko wewe mwenyewe basi UV ni kali, toka juani. Na sio saa sita kamili kama watu wanavyodhani, saa yetu inafuata longitudo iliyo mashariki mbali kuliko Mbeya, kwa hiyo kwenu jua linafika juu kabisa kwenye saa saba kasorobo hivi. Mtoto akitoka shule saa sita anatembea kwenda nyumbani jua ndo linapanda kileleni. Akitaka kuota jua na wenzake iwe kabla ya saa tatu asubuhi, na nguo zake mwilini.

Nguo ndo dawa ya kwanza hapa, losheni inafuata. Chukua sweta lake la shule uliinue kwenye mwanga wa dirisha, ukiona vitobo vya mwanga (na kwenye viwiko lazima utaviona) basi UV nayo inapita hapohapo. Kwa hiyo ndani avae shati zito la mikono mirefu, suruali badala ya kaptula, na kofia ya pama sio kapelo, kapelo inaacha masikio na shingo nje na huko ndiko tunakokuta vidonda vingi. Ongea na mwalimu mkuu kuhusu sare, ukiweza nenda na cheti cha kliniki, hapo wengi wanaelewa.

Losheni chukua SPF 30 au 50, SPF ni namba ya nguvu ya losheni kukinga jua. SPF 30 ikipakwa sawasawa inazuia kama asilimia 97 ya ile mionzi inayounguza, 50 inazuia 98, kwa hiyo usijinyime chakula kisa namba. La muhimu kopo liwe na herufi UVA (aina ya UV inayopenya ndani zaidi ya ngozi), nyingi zinazungushiwa duara. Shida kubwa ni watu kuipaka kama mafuta ya kawaida, hizo namba zilipimwa kwa tabaka nene: uso na shingo ya mtu mzima peke yake ni karibu kijiko cha chai kizima, mtoto punguza kidogo, na inarudiwa kila baada ya masaa mawili akiwa nje. Ukipaka hivyo tyubu ya mililita 100 haimalizi wiki mbili, ndo maana nimeanza na nguo. Ulizia kliniki ya ngozi hospitali ya rufaa kwenu, kuna losheni inatengenezwa Moshi pale hospitali ya KCMC maalumu kwa watu wenye ualbino na wanagawiwa bure. Vaselini na mafuta ya nazi havikingi jua.

Mkague kila mwezi masikio, midomo, nyuma ya shingo na migongo ya mikono. Kigaga kikavu kisichotoka, au kidonda kilichopita wiki nne hakijapona, mpeleke, usikipake dawa za kuambiwa. Kikiwahiwa kinatolewa hapohapo kliniki.

Wewe baba ngozi yako ina kinga yake, losheni kila siku sio lazima. Ile kansa mbaya ya ngozi inayoitwa melanoma, kwa watu weusi mara nyingi inaota kwenye wayo au chini ya kucha, na hiyo haisababishwi na jua. Cha kulinda ni macho, maana UV ya kila siku pamoja na vumbi la barabarani vinaleta ile nyama inayoota kwenye jeupe la jicho, kwa hiyo vaa miwani iliyoandikwa UV400, yaani inayozuia UV, hata ikiwa haina giza ni sawa. Na kama unatumia mkorogo acha, unajichubua kinga yenyewe.