Fankisheni moja, milango saba ya kutokea

Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo, kinatosha kwenye kopo la majani ya chai. Kazi yake ilikuwa kupima ubaridi kwenye majokofu ya wauza samaki pale soko la Feri, Dar es Salaam, na kuandika namba kwenye memori kadi kila baada ya dakika. Ndani kulikuwa na Linux, megabaiti 64 za kumbukumbu, na mfumo wa mafaili tuliojiandikia wenyewe kama moduli ya kerneli, yaani kipande cha kuongeza kwenye kiini cha Linux. Usiniulize kwa nini hatukutumia ext4, mfumo wa mafaili wa kawaida wa Linux, kama watu wengine. Bosi alikuwa na sababu zake, na mimi nilikuwa na kodi ya nyumba Sinza. Kisa hiki ni cha fankisheni moja ya moduli hiyo (kipande cha msimbo chenye kazi yake), na jinsi ilivyosafisha vibaya kila iliposhindwa.

Miezi mitatu vikafanya kazi bila shida. Kisha vikaanza kuzima kimoja kimoja. Ukikiwasha, kinakaa karibu saa nzima, halafu kimya. Ukikiwasha tena, hivyohivyo.

Chanzo cha kwanza kilikuwa kadi. Tulizinunua Kariakoo kwa bei iliyopaswa kututia shaka palepale dukani. Juu zimeandikwa GB 32, ndani Mungu ndiye ajuaye. Zilipochoka, zilianza kugoma kusomeka kwenye bloku (vipande vya nafasi ya kadi) za ramani, yaani zile zinazoonyesha bloku zipi zimetumika na zipi ziko wazi. Lakini kadi mbovu haipaswi kuua kifaa. Ilitakiwa mfumo ukatae kuipachika (kuiunganisha ili itumike), urudishe kosa la EIO, yaani kusoma kumeshindikana, na maisha yaendelee. Skripti yetu ilikuwa inajaribu kuipachika kadi upya kila sekunde 5, ikitumaini labda mtu ameibadilisha.

Hapo ndipo nilipofungua fankisheni inayojaza superbloku, rekodi kuu ya mfumo wa mafaili. Humo kmalloc inaomba kumbukumbu, kfree na brelse zinaachia, na sbi ni taarifa zetu zilizoombwa juu zaidi. Nikakuta hivi (nimepunguza na kubadilisha majina):

    bh = sb_bread(s, 1);
    if (!bh) {
        kfree(sbi);
        return -EIO;
    }
    ramani = kmalloc(65536, GFP_KERNEL);
    if (!ramani) {
        brelse(bh);
        kfree(sbi);
        return -ENOMEM;
    }
    if (soma_ramani(s, ramani)) {
        brelse(bh);
        kfree(sbi);
        return -EIO;
    }

Itazame ile sehemu ya mwisho taratibu. Bafa (bh, bloku iliyosomwa) imeachiwa, sbi imeachiwa, ramani haikuachiwa. Aliyeandika alinakili mistari ya juu, akabandika chini, akasahau kwamba njiani ameshachukua kitu kingine. Kila jaribio lilipoteza kilobaiti 64. Majaribio 12 kwa dakika ni 720 kwa saa, na 720 mara 64 ni megabaiti 45. Kwenye kifaa chenye 64, ambazo nyingine zimeshaliwa na kerneli yenyewe, saa moja haifiki mbali.

Aliyeandika ni mimi. Nilitazama historia ya faili nikitumaini kuona jina la mtu mwingine.

Fankisheni nzima ilikuwa na sehemu saba kama hizo. Hili ndilo ninalotaka ulishike kama unaandika au unasoma msimbo wa aina hii: msimbo wa kusafisha baada ya kosa hauendeshwi na mtu. Njia nzuri inapitiwa kila siku, ikiwa na hitilafu utaiona asubuhi hiyohiyo. Njia ya kosa inasubiri kadi ya Kariakoo. Ukiwa na nakala saba zake, una sehemu saba ambazo hazijawahi kujaribiwa, na kila utakapoongeza kitu kipya cha kuachia itabidi ukumbuke kukiongeza kote.

Dawa ya wenyeji wa kerneli ni ya zamani na imeandikwa kwenye mwongozo wao wa mtindo: fankisheni ikiwa na kazi ya kusafisha inayofanana, ikusanye mwisho, na uiendee kwa goto, amri ya kuruka hadi lebo (mahali palipopewa jina kwenye msimbo). Dada mmoja aliyejiunga nasi kutoka chuo alipoona kiraka changu, yaani badiliko la msimbo, aliniuliza, "Kaka, hii goto si tulifundishwa ni dhambi?" Namwelewa. Tangu Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta, aandike barua yake ya kuilalamikia mwaka 1968, walimu wengi wameirithisha kama mwiko. Na mwaka 2014 Apple walipogundulika wana mstari wa goto uliojirudia mara mbili kwenye msimbo wa kukagua vyeti vya usalama, watu waliishika goto shati. Ila pale kosa lilikuwa ni kule kurudiwa kwa mstari, na if isiyokuwa na mabano. Goto ya kurukaruka juu na chini ndiyo inayochanganya. Goto inayokwenda chini tu, kuelekea mwisho, haina ujanja.

Nilimweleza kwa mfano wa mabasi ya mwendokasi ya Dar. Umepanda Kimara, Ubungo, Magomeni Mapipa au Fire, gari linaishia Kivukoni, na linapita vituo vyote vilivyobaki mbele yako. Aliyeshindwa mwishoni, mikono imejaa, anapandia Kimara. Aliyeshindwa mapema, hana kitu zaidi ya sbi, anapandia karibu na Kivukoni. Lebo ndizo vituo:

    ret = soma_ramani(s, ramani);
    if (ret)
        goto achia_ramani;
    ...
    return 0;

    achia_ramani:
        kfree(ramani);
    achia_bafa:
        brelse(bh);
    achia_sbi:
        s->s_fs_info = NULL;
        kfree(sbi);
        return ret;

Mpangilio ni kinyume cha ulivyochukua: cha mwisho kuchukuliwa ni cha kwanza kuachiwa. Lebo iitwe kwa kazi inayofanya, isiitwe kosa1, kosa2, kosa3, maana siku ukiingiza hatua katikati utaanza kuhesabu upya. Na ule mstari wa s_fs_info usiuone wa ziada. Ukiachia sbi huku superbloku bado inaielekea, huenda kuna mwenzako kwenye njia ya kushusha mfumo atakayeiachia mara ya pili.

Ukitaka kuona mfano halisi, fungua fs/minix/inode.c kwenye msimbo wa Linux, fankisheni ya minix_fill_super. Ni ndogo, inasomeka ndani ya kikombe kimoja cha kahawa, na mpangilio wake wa kuachia ni huohuo, ingawa baadhi ya lebo zake zinaruka zenyewe kwa goto kwenda lebo za chini.

Sasa niseme nilivyoharibu, kwa sababu kiraka changu cha kwanza hakikuwa hicho hapo juu. Nilipata tamaa. Nilijua kfree ukiipa NULL, yaani pointa (anwani ya kumbukumbu) tupu, inanyamaza tu, na brelse pia. Nikasema basi, lebo za nini tatu? Nikaweka moja tu, kosa, inayoachia kila kitu: kfree(sbi->ramani), brelse(sbi->bh), kfree(sbi). Safi sana machoni. Kumbukumbu ilipokosekana kwa sbi yenyewe, sbi ikawa NULL, na sbi->ramani ikaiangusha kerneli. Pointa tupu haina dhara ukiipa kfree. Ukiifungua kutafuta kilichomo ndani, imekwisha. Tena hata kama sbi ipo, ujanja ule unataka uwe umeiomba kwa kzalloc, inayoijaza sifuri. Kwa kmalloc sehemu zake zina takataka, na utakuwa unaachia takataka.

Mtego wa jirani yake ni fankisheni ambazo zikishindwa hazirudishi NULL, zinarudisha namba ya kosa iliyovaa nguo za pointa, kama inavyokuwa unapoomba inodi ya mzizi, yaani rekodi ya folda ya juu kabisa. Hizo zinakaguliwa kwa IS_ERR, na namba yake unaitoa kwa PTR_ERR. Ukiipeleka lebo inayoita iput (ya kuachia inodi) juu yake, iput itaisadiki.

Halafu kuna ret, namba ya matokeo ambayo fankisheni inarudisha. Huu ulinisumbua kuliko yote, kwa vile haulipuki palepale. Ulipokuwa na return -EIO na return -ENOMEM (kumbukumbu imekosekana) kila mahali, kila kosa lilijisemea. Ukishakusanya, lazima ret iwe na thamani sahihi kabla ya kila goto. Kuna sehemu moja niliisahau, na ret ilikuwa bado na 0 ya hatua iliyopita iliyofaulu. Fankisheni ikasafisha kila kitu vizuri, ikarudisha 0, yaani "nimefaulu", na kerneli ikaenda kushika mzizi usiokuwepo. Mahali pengine nilifanya kinyume: niliweka ret = -EIO juu kabisa nikaona imetosha. Kukosa kumbukumbu kukaonekana kama kadi mbovu, na fundi wetu kule Feri akatupa kadi mbili nzima. Alinipigia simu. Sitaandika alichosema.

Kwa hiyo sasa nafanya kiraka kimoja kwa kila hatua, na kiraka cha kusafisha hakichanganywi na kitu kipya. Njia ambayo haina cha kuachia naiacha irudi moja kwa moja. Kuipeleka kwenye lebo ya return tupu ni kumzungusha msomaji bure. Na sehemu mbili zinazofanana kwa bahati tu, moja inaachia kufuli na nyingine haikuwahi kulishika, siziunganishi hata zikifanana kama mapacha.

Kabla ya kupeleka popote, nalazimisha makosa yatokee. Device mapper ina shabaha ya error na ya flakey: unajenga diski ya kubuni ambayo bloku fulani zinagoma kusomeka, bila kutegemea kadi feki. Failslab inafanya maombi ya kumbukumbu yashindwe kwa makusudi, na kmemleak inakuonyesha kilichosahaulika. Kuna pia Coccinelle, chombo kinachotafuta mifumo ya msimbo unaorudiwa na kinaweza hata kukuandikia kiraka. Kizuri, ila mabadiliko ya kimashine ambayo hukuyaendesha usiyatume kwa wasimamizi wa kerneli. Watakujibu, na hutapenda.

Tangu 2023 kerneli ina pia njia mpya, __free na guard, zinazotumia uwezo wa GCC na Clang kuachia kitu chenyewe pale jina lake linapoisha muda. Kwa fankisheni mpya naipenda. Kwa ya zamani yenye lebo, chagua moja: maelezo ya njia hiyo mpya yenyewe yanakataza kuchanganya hizo na goto ndani ya fankisheni moja, na mpangilio wa nani anaachiwa kwanza unakuwa kitendawili.

Kiraka cha mwisho nilikijaribu kwa ile kadi mbovu yenyewe. Nilikiacha kifaa mezani saa tatu usiku, skripti ikijaribu kila sekunde 5, nikaenda kulala. Saa moja asubuhi kilikuwa kimeshindwa mara 7,200, na kumbukumbu iliyobaki ilikuwa vilevile nilivyoiacha. Kadi bado ninayo kwenye droo. Nimeiandika kwa maka peni: USITUPE.