Kabla ya kuchora geti, kagua fidia

Msomaji ameniandikia kuuliza aanze na programu gani kuchambua data za flosaitometria, yaani kupima seli moja moja kwa leza na rangi zinazong'aa. Iwe FlowJo, iwe flowCore ndani ya R, zote zinasoma faili za FCS zinazotoka kwenye mashine, na zote zitakuchorea geti (mpaka wa kuchagua kundi la seli) popote unapotaka, hata kwenye data mbovu. Ninachokuomba uanze nacho ni fidia ya rangi, yaani kuondoa mwanga wa fluorokromu (rangi inayong'aa) moja unaovujia kwenye ditekta ya nyingine.

Kila fluorokromu iwe na mrija wake wa kidhibiti wa rangi moja tu, wenye matukio (seli au shanga za plastiki zilizosomwa) chanya, yaani yenye rangi hiyo, kama 5,000 hivi au zaidi. Chanya zing'ae sawa na za sampuli au kuzizidi. Hasi nazo, zisizo na rangi, zilingane na chanya: shanga kwa shanga, seli kwa seli. GFP (protini inayong'aa kijani) haishiki nafasi ya FITC (rangi ya kijani) hata kama ditekta ni moja, kwa sababu spektra zao hazifanani. PE-Cy7, yaani rangi ya PE iliyounganishwa na Cy7, ndiyo msumbufu hasa. Mwanga na formaldehaidi huivunja, ikaanza kung'aa kama PE. Mrija wake utoke kwenye chupa ileile ya kingamwili iliyobeba rangi hiyo na upitie kila hatua iliyopitia sampuli.

Kisha kagua. Fungua mrija wa PE peke yake, PE mhimili wa mlalo, FITC wa wima. Mediani ya FITC kwenye chanya ilingane na ya hasi. Wingu likipanda, fidia ni pungufu, likishuka, imezidi. Kutanuka kwa wingu upande wa chanya si kosa, ni tabia ya kuhesabu fotoni, kwa hiyo usisogeze namba kwa mkono ili picha ipendeze! Tumia skeli ya logicle, inayoonyesha pia thamani zilizo chini ya sifuri, kwani baada ya fidia thamani nyingi hushuka chini ya sifuri, na skeli ya logi huzirundika zote kwenye mhimili.

Geti zenyewe hazina mengi. Ondoa kwanza vipindi ambavyo mtiririko uliyumba, kisha seli zilizogandana kwa FSC-A dhidi ya FSC-H (eneo na kimo cha ishara ya mwanga unaotawanyika mbele), kisha zilizokufa. Ukiruka hapo, seli T iliyoshikamana na seli B itaonekana kama seli moja yenye CD3 (alama ya seli T) na CD19 (alama ya seli B), na zilizokufa zitanasa kingamwili yoyote.

Kwa alama hafifu kama CD25, mpaka utoke kwenye mrija wa FMO, wenye rangi zote isipokuwa hiyo moja. Kidhibiti cha isotaipu (kingamwili isiyolenga chochote kwenye seli) hakikuonyeshi mtanuko wa rangi nyingine, hivyo usikate geti kwa kukitegemea.

Hesabu nayo ina ukomo wake. Matukio 100 kwenye geti ya mwisho yana yumbo la karibu 10%, na 400 yana 5%. Kundi lako likiwa 0.1% ya seli hai, hayo 400 yanahitaji seli hai 400,000 kwa kila mrija, na hakuna programu itakayokupa seli ambazo mashine haikuzisoma.