Maswali ya Wasomaji: Kamera Tatu za Makoroboi na Shilingi Laki Tatu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mwanza, na kwa muda mrefu nimekuwa na hamu ya kupiga picha za filamu pale Mwaloni, Kirumba, alfajiri mitumbwi ya dagaa inaporudi, na usiku taa za wavuvi zinapoonekana ziwani. Nina shilingi 300,000 tu. Muuzaji mmoja wa vitu vilivyotumika huko Makoroboi ana kamera tatu za renjifainda, yaani zinazolengwa kwa kuunganisha taswira mbili kwenye kidirisha: Canonet QL17 GIII kwa shilingi 270,000, Yashica Electro 35 GSN kwa shilingi 160,000, na Zorki-4 kwa shilingi 120,000. Anasema zote ni nzima, ila hana betri za kunijaribishia. Nichukue ipi? — Msomaji, Kirumba.

JIBU: Ndugu Mwalimu, ukinunua Canonet utabakiwa na shilingi 30,000, na kwa kiasi hicho hutafika mbali, kwa kuwa kila filamu ya picha 36 ina bei yake, na kuisafisha kuna bei yake tena. Kamera isiyo na filamu haitakufundisha kitu. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya aina ya picha unazozitaka, ninakushauri uanze na Yashica, mradi ipite ukaguzi nitakaoueleza hapa chini.

Canonet ni kamera nzuri sana, na siidharau hata kidogo. Lenzi yake ya milimita 40 hufunguka hadi f/1.7, uwazi mkubwa unaopitisha mwanga mwingi, na shata yake, yaani kilango kinachoruhusu mwanga kufika kwenye filamu, hufanya kazi hata bila betri. Hata hivyo, kasi yake ya chini kabisa ni robo ya sekunde, na ukitaka muda mrefu zaidi itakubidi ushikilie shata wazi mwenyewe huku ukihesabu. Yashica nayo hupima mwanga na kuchagua kasi yenyewe, kuanzia 1/500 ya sekunde hadi takriban sekunde 30. Ukiiweka juu ya stendi ya miguu mitatu pale ufukweni, itasubiri mwanga hafifu wa alfajiri bila wewe kukisia, ingawa taa za mitumbwi inayoyumba zitatoka kama mistari, jambo ambalo mimi binafsi naliona linapendeza.

Udhaifu wake ni kwamba bila betri shata hubaki kwenye kasi moja tu, 1/500, kwa hiyo usiijaribu mikono mitupu. Betri yake ya asili ilikuwa ya zebaki, ya volti 5.6, ambayo haitengenezwi tena; lakini vibetri vinne vya LR44, ambavyo hata mafundi saa huwa navyo, vikipangwa pamoja hutoa volti 6, na kamera hiyo huzikubali bila tatizo. Vizungushie karatasi ngumu viwe kama bomba, kisha weka springi ndogo kujaza nafasi inayobaki. Kabla ya hapo chungulia chemba ya betri: ukiona unga wa kijani au mweupe, betri ya zamani ilivuja, na huenda nyaya zimeliwa.

Betri zikishakaa, bonyeza kitufe cha kupimia betri; taa ya kijani iwake kwenye dirisha la kuhesabia picha. Elekeza kamera kwenye kona yenye giza ukabonyeze shata, kisha uielekeze barabarani penye jua: mara ya kwanza ichelewe waziwazi kufunga, mara ya pili ifunge papo hapo. Unapovuta wenzo wa filamu, sikiliza kishindo kidogo ndani ya mwili wa kamera. Kisiposikika, kipande cha mpira kilichomo ndani kimeoza, vipimo vya mwanga havitaaminika, na kazi ya kukibadilisha inahitaji fundi mwenye subira.

Sehemu ya renjifainda yenyewe ikague nje ya duka. Ukichungulia kwenye kidirisha utaona katikati doa lenye taswira ya pili, ambayo husogea unapozungusha lenzi, na taswira mbili zinapoungana, kitu hicho ndicho kilicholengwa. Zungusha lenzi hadi alama ya mbali kabisa, kisha tazama mnara wa simu ulio juu ya kilima cha mbali au mlingoti wa meli upande wa pili wa maji. Mistari ikigoma kuungana, kamera imepoteza ulengaji. Hilo hurekebishika, lakini litoe kwenye bei. Doa likiwa limefifia tu, kipande kidogo cha utepe mweusi katikati ya kioo cha mbele cha kidirisha kitasaidia lionekane.

Jambo ninalolihofia kuliko yote kwetu sisi wa kandokando ya ziwa ni kuvu. Fungua mgongo wa kamera, iache shata wazi kwa alama ya B (hubaki wazi kadiri unavyobonyeza), umulike lenzi kwa tochi ya simu. Vumbi kidogo si kitu, lakini ukiona nyuzi zinazotawanyika kama utando wa buibui, iache, hata muuzaji akishusha bei kwa nusu, kwa sababu kuvu ikishakula utando wa kioo hakuna kusafisha kutakakourudisha. Ukishanunua, usiihifadhi ndani ya mkoba wake wa ngozi, kwani ngozi hushika unyevu; itie kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu. Sponji nyeusi za mlangoni zikiwa zimegeuka ulimbo, badilisha kwa uzi mweusi wa sufu.

Zorki nimeiweka mwisho. Haina kipima mwanga, na shata yake ni pazia la kitambaa ambalo jua linaweza kulitoboa lenzi ikiachwa wazi kulielekea, hatari ya kweli kwa mtu anayepiga picha za machweo juu ya maji. Yashica ikishindwa ukaguzi, rudi kwa Canonet ukabishane bei.

SWALI: Nina renjifainda ya zamani. Watu wa karibu hukatwa vichwa, ilhali kwenye kidirisha niliviona. Kosa ni langu? — Msomaji, Musoma.

JIBU: Kamera ni nzima. Kidirisha kiko juu ya lenzi, kwa hiyo lenzi huona chini kidogo kuliko jicho lako, na tofauti hiyo hukua kadiri mtu anavyosogea karibu na kamera. Baadhi ya kamera husogeza mistari ya fremu zenyewe. Kama yako haifanyi hivyo, acha nafasi juu ya kichwa kila unapopiga chini ya mita mbili.