Kamera Isijifiche: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Umeniandikia kwamba utakaporudi kuwarekodi mafundi wa majahazi wa Nungwi, huku Unguja, kwa ajili ya masomo yako ya anthropolojia, wenzako wanakushauri ukae pembeni na kamera hadi mafundi wakusahau, kwani hapo ndipo utakapoyapata maisha yao yalivyo. Nawe unaona haya kujibanza mbele ya watu wazima wanaoujua ukoo wako. Umeniuliza kama filamu ambayo mpigaji anaonekana na kusemezwa bado ni elimu. Ni elimu, mwanangu, na kwa maoni yangu ndiyo ya kuaminika zaidi.

Tangu fani yenu ianze, sijui kamera iliyowahi kusahaulika kweli. Mwaka 1898 Alfred Haddon wa Cambridge alipeleka kamera ya sinema kwenye visiwa vya Torres Strait, kati ya Australia na New Guinea. Katika kisiwa cha Mer alitaka kuona ngoma ya Malo, ambayo watu walikuwa wameiacha baada ya kuingia Ukristo na ambayo barakoa zake za asili hazikuwapo tena. Wenyeji wakatengeneza nyingine kwa makaratasi magumu, wakacheza mbele yake. Filamu hiyo ya muda mfupi inahesabiwa miongoni mwa za kwanza kabisa kupigwa na mtafiti ugenini, na kilichomo ndani yake ni watu waliokubali kumkumbukia mgeni jambo lao.

Robert Flaherty naye, katika filamu yake ya mwaka 1922, aliwaonyesha Wainuit wa kaskazini mwa Quebec, Kanada, wakiwinda kwa vyusa ilhali walikuwa na bunduki. Nyumba ya theluji ilijengwa nusu ili mwanga uingie, na mhusika mkuu, ambaye jina lake la kweli lilikuwa Allakariallak, alipewa jina jingine. Wengi humlaumu kwa kupanga matukio. Mimi namlaumu zaidi kwa jambo wasilolitaja sana: Wainuit walimsaidia kutunza vifaa, walitazama vipande vilivyokwisha kupigwa, wakapendekeza mawindo ya kurekodi, na ushirikiano huo wote haumo katika picha. Mtazamaji anaachwa aamini kwamba anawachungulia watu wasiojua kamera ni nini, kumbe anatazama kazi ambayo wao wenyewe waliifanya pamoja na mpigaji. Kujificha kwa Flaherty kuliwanyang'anya jasho lao.

Umemtaja pia Margaret Mead, mwanaanthropolojia wa Marekani, na ni haki umtaje, kwa kuwa yeye na mwenzake Gregory Bateson walifanya kazi kubwa katika kisiwa cha Bali, Indonesia, kuanzia mwaka 1936: picha za mnato zipatazo 25,000 na maelfu ya mita za filamu. Ngoma ya kupandisha pepo waliyoirekodi huko ililipiwa, ikachezwa mchana ili mwanga utoshe, ingawa kwa kawaida huchezwa usiku. Miaka mingi baadaye, mwaka 1976, walibishana kuhusu jambo hilihili unaloniuliza. Mead alitaka kamera isimamishwe kwenye stendi na kuachwa irekodi mfululizo, ili wataalamu wa baadaye wapate ushahidi usioguswa na mkono wa mtu. Bateson alijibu kwamba kamera ya namna hiyo haioni kitu cha maana, kwa sababu kuona ni kazi ya mtu anayesogea na kufuata kinachotendeka. Katika hili mimi niko upande wa Bateson bila kusita. Stendi nayo ina mahali ilipowekwa, na kuna mtu aliyeamua iwekwe hapo.

Lakini mwalimu wako mkubwa na awe Jean Rouch, Mfaransa aliyekwenda Niger mwaka 1941 akiwa mhandisi wa barabara. Miaka kumi hivi baadaye aliwarekodi wavuvi wa Kisorko wakiwinda viboko katika mto Niger, na alipoikamilisha filamu hiyo aliirudisha Ayorou, mji ulio kando ya mto huo, akatundika shuka na kuwaonyesha waliomo. Waliitazama tena na tena. Kisha wakaanza kumkosoa. Rouch alikuwa ameweka muziki wa wawindaji juu ya sehemu ya mawindo, akidhani unaipa nguvu. Wavuvi wakamwambia kwamba mtu anayemnyemelea kiboko hunyamaza kimya, maana mnyama akisikia sauti atakimbia. Akauondoa muziki ule. Fikiria: msomi wa Paris alikosolewa kuhusu filamu yake na wavuvi, naye akaona kwamba wao ndio wanaojua. Onyesho hilohilo lilizaa mapendekezo ya filamu nyingine, na tangu hapo Rouch akashika desturi ya kuwaonyesha wahusika kazi yake na kuwasikiliza, akiiita anthropolojia ya kushirikiana. Mtu aliyejificha hawezi kukosolewa namna hiyo, kwani wahusika hawajui amerekodi nini.

Hata hivyo usimfanye Rouch kuwa walii. Mwaka 1965 Ousmane Sembène, mtengenezaji filamu wa Senegal, alimwambia usoni kwamba yeye na wenzake wanawatazama Waafrika kana kwamba ni wadudu. Neno hilo ni zito, na linafaa kukumbukwa na kila ashikaye kamera, hata akiwa mzawa kama wewe, kwa sababu digrii na kifaa cha bei vinaweza kukuweka juu ya fundi wa Nungwi kama ngozi nyeupe ilivyomweka Rouch.

Karibu na kwetu, David na Judith MacDougall waliwarekodi Waturkana wa kaskazini magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1973 na 1974. Mazungumzo ya wafugaji hao yalitafsiriwa kwa maandishi chini ya picha, hivyo wakasikika wakibishana, wakihesabu mifugo ya mahari na wakiwahoji wapigaji wenyewe. Waliulizwa pia wao wangerekodi nini kama kamera ingekuwa yao. Mwaka 1975 David aliandika kwamba mpigaji asiyetaka chochote kwa wahusika ila ruhusa ya kurekodi anabaki katika hali ya usiri. Nakubaliana naye.

Wenzako watakujibu kwamba mafundi wakijua unawarekodi watajipanga. Watajipanga, ndiyo. Jinsi fundi anavyojipanga, anachokutangulizia na anachokuficha, ni habari kubwa kuhusu anavyoithamini kazi yake. Kwa hiyo ukifika, muulize fundi mkuu yeye angependa uanzie wapi: kwenye mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, kwenye mataruma yaliyo mbavu zake, au kwenye kutia kalafati ya kuziba nafasi za mbao. Akikuuliza u mtoto wa nani, mjibu, na sauti yako ibaki katika filamu. Fundi akitoboa ubao kwa mashine ya umeme, mrekodi na mashine yake. Usimwombe ashike keekee ya mkono kwa kuwa inapendeza zaidi. Akiishika ili kukuonyesha wazee walivyofanya, filamu iseme kwamba anakuonyesha. Usiharakishe kukata: kuchonga kwa tezo huchukua muda, na subira hiyo ni sehemu ya ufundi. Siku ya kushusha chombo, penye dua, ukiambiwa zima kamera, zima mara moja.

Kisha rudi na filamu kabla haijakamilika, uwaonyeshe Nungwi kwanza, urekodi na maneno watakayoyasema, nawe uwe tayari kuipasua na kuiunga upya. Nakala iliyokamilika ibaki kwao. Siku za onyesho hilo ziweke katika ratiba yako sasa, kabla hujakata tiketi, kwa sababu walimu wako watataka kazi kwa tarehe maalumu na hilo ndilo litakalokuwa la kwanza kuachwa muda ukibana. Mjomba wako amekubali kukupeleka kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, na kwa mafundi. Anataka tu kujua utafika kabla ya Ramadhani au baada yake, kwa hiyo nijulishe upesi.

Mama yako