PhD ya baiolojia ya kansa: mchague profesa kwanza, jina la chuo baadae

Mdogo wangu uliyeuliza kama kwa digrii ya kwanza ya baiolojia ya molekuli unaweza kwenda PhD ya kansa bila kupitia masters, na uombe chuo gani, ngoja nikujibu kwa kirefu maana niko mwishoni mwa hiyo hiyo PhD huku Marekani na nilitokea hapo hapo Dar.

Marekani inawezekana kabisa. Programu nyingi hawadai masters, GRE, ule mtihani wa kuombea nafasi, wengi wameshaiacha, ada unalipiwa na posho unapewa, ya kupanga chumba na kula. Mwisho wa kuomba mara nyingi ni mwanzoni mwa Desemba, intavyuu zinaanza Januari, na ukipata nafasi vyuo vingi vinakupa mpaka 15 Aprili kujibu. Hesabu miaka 5 au 6. Ujerumani kwa kawaida wanataka masters kwanza, Uingereza mara nyingi unaomba projekti na supavaiza wake anajulikana toka mwanzo, miaka 3 mpaka 4. Sasa jua hili mapema, hela za NIH, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya, za kusomesha wanafunzi, zile granti ziitwazo T32 na F31, ni za raia na wenye green card tu, sisi wa nje tunabebwa na chuo au na granti ya profesa mwenyewe, ndo maana nafasi zetu ni chache hata kama GPA yako ni kali.

Kwenye maombi kinachokubeba ni kazi ya mikono. Kama ulijitolea maabara yoyote hapo nyumbani, eleza swali lilikuwa nini, ulifanya nini, majibu yakaonyesha nini, hata kama projekti ilikwama. Na barua akuandikie mtu aliyekuona ukifanya kazi, sio mkubwa wa idara anayekujua kwa jina tu.

Ila hapa ndo nataka unisikilize sana. Mwaka wa kwanza unazungushwa kwenye maabara mbili tatu, wiki kadhaa kila moja, halafu unachagua ya kubaki. Wengi wanachagua kwa umaarufu wa profesa. Wewe nenda kwenye kikao cha maabara siku mtu analeta majibu yaliyogoma, umwangalie bosi. Niliwahi kupita sehemu moja, dada wa watu kaonyesha kwamba jeni waliyoizima haikupunguza ukuaji wa uvimbe, data safi kabisa, akaambiwa rudia mpaka itoke. Sikubaki pale. Nilipo sasa majibu kama hayo tunakaa tunayajadili saa nzima, na swali la tasnifu yangu ya PhD limetokea huko huko. Hili sio dogo, mwaka 2012 watu wa Amgen, kampuni ya dawa ya Marekani, waliandika kwamba katika tafiti 53 kubwa za kansa walizojaribu kurudia, 6 tu ndo zilithibitika, na nyuma ya tafiti hizo kuna wagonjwa wanaosubiri dawa. Watafute pia wanafunzi waliokwisha kuondoka kwa huyo profesa, waulize walimaliza kwa miaka mingapi, maana waliopo bado wanamwogopa.

Kazi yenyewe ni uvumilivu. Seli zinakaa kwenye inkubeta nyuzi 37, kabonidayoksaidi asilimia 5, hazijui Jumapili wala Idi, chakula chao kikigeuka kutoka wekundu kwenda njano ujue zimejaa, uende ukazigawe. Na zipime maikoplazma kila mara, hao ni bakteria wadogo sana wanaoingia kwenye seli, kwa hadubini ya kawaida huwaoni, seli zinaonekana nzima kumbe data yote imeharibika.

Halafu njoo na swali la nyumbani bila woga. Limfoma ya Burkitt, kansa ya chembe za kinga inayowapata sana watoto, ilielezwa na daktari wa upasuaji Denis Burkitt akiwa Kampala, 1958, na virusi vya EBV (Epstein-Barr), vinavyohusishwa na kansa hiyo, vikaonekana 1964 kwenye seli za uvimbe uliosafirishwa kutoka Uganda. Leo kansa ya umio inatumaliza ukanda wote huu kutoka Ethiopia kushuka mpaka Afrika Kusini, wengine wakiwa vijana chini ya miaka 30, na sababu bado hazijaeleweka vizuri. Profesa akiona unalijua tatizo hilo kwa ndani anakusikiliza.

Anza kuwaandikia maprofesa Agosti au Septemba, imeili fupi, taja pepa yake moja uliyoisoma kweli na kitu kimoja ambacho hukukielewa humo. Ada za maombi nazo, andikia programu uombe msamaha wa ada kabla hujalipa, wengi wanakubali. Ukishaandika stetimenti yako nitumie PM nitaisoma.